Sura ya Tisa: Sanduku la Hotuba

Kwenye mlango wa chumba cha kusomea cha maktaba ya chuo palibandikwa tangazo la KIMYA TAFADHALI, na chini ya tangazo hilo, saa nane mchana, Muuguzi alikuwa analia kwa sauti ya kusikika hadi bweni la wasichana. Hakuna aliyethubutu kumnyamazisha. Mkutubi, ambaye katika utumishi wake uliotukuka aliwahi kumtoa nje mtu kwa kosa la kupiga chafya mfululizo, alisimama kando akiwa ameshika glasi ya maji kama mwanamume aliyeachiwa mtoto wa mwenzake ambebee.

"Sindano zake ziko kwenye friji," Muuguzi alisema. "Zote. Hajachukua hata moja. Tangu juzi asubuhi, afande. Mzee wa miaka sabini na ushee, kisukari, bila dawa, joto lenyewe hili. Mimi nashinda wodini, usinidanganye kwamba atarudi."

"Sijasema atarudi," Inspekta alijibu. "Aliyesema hivyo ni mkuu wangu."

Mkuu wake alikuwa amelisema hilo huku anachokonoa meno. Wazee hupotea, wazee hurudi. Alimpa Inspekta mpaka jua lizame. Baada ya hapo faili lingerudi kwenye kabati na Inspekta angerudi kwenye kesi ya pampu iliyoibwa. Askari wa kumsaidia hakumpa.

Aliyepotea ni baba yake Muuguzi, mwalimu mstaafu wa historia, ambaye wanafunzi walimpachika jina la Tanbihi kwa kuwa hata salamu yake ilikuwa na maelezo ya ziada chini yake. Juzi alitoka nyumbani na tochi na mtaimbo, akamwambia jirani kwamba anakwenda kumaliza ubishi. Kampuni ya simu ilisema simu yake ilizimikia eneo la maghala ya zamani, na eneo hilo lilikuwa na maghala, viwanda vilivyokufa na nyua zilizoota msitu, huku barabara kuu ikilipasua katikati. Kumtafuta mtu mmoja humo bila kujua aliingia wapi ni sawa na kutafuta chawa mmoja katika blanketi za bweni zima.

Ubishi wenyewe ulijulikana chuo kizima. Tanbihi alidai kwamba zamani, kabla mji haujawa na mabomba, lilichimbwa birika kubwa la maji chini ya maghala yale. Wenzake walisema ni hadithi ya kulazia watoto. Wiki hii Tanbihi alikuwa akitembea kifua mbele, anaimba. Alikuwa amepata kitu, na alikipata humu, katika hifadhi ya kidijitali ya maktaba. Kwa hiyo hesabu ya Inspekta ilikuwa nyepesi kuitaja na ngumu kuifanya: jua alichosoma, utajua alikokwenda.

"Tuanze na birika," alisema.

Mkutubi aliketi mbele ya kompyuta, akaalisha vidole, akaandika. Hifadhi ile ilikuwa imemeza kila kitu: tasnifu, magazeti ya kale, ripoti za wilaya, mahubiri, ramani, picha za magavana wakiwa wamekanyaga wanyama waliokufa. Ilijibu kwa unyenyekevu mkubwa. Ilileta picha ya birika la chai la mke wa gavana. Ilileta tasnifu ya uzamili juu ya ufinyanzi. Ilileta tangazo la gazeti likiwaonya akina mama wasichemshie maziwa kwenye birika la bati.

"Maji chini ya ardhi," alisema Inspekta.

Zikaja tasnifu tatu za minyoo.

"Mashimo."

Ikaja ripoti ya meno ya wanafunzi wa shule za msingi.

"Hii mashine inatucheka."

"Haicheki, afande," Mkutubi alisema. "Inajibu ulichouliza."

"Basi tusiiulize habari za maji. Iulize habari za mzee. Akaunti yake ifungue, tuone alifungua nini."

Mkutubi aliondoa mikono kwenye kibodi. "Hapo sasa. Alichosoma msomaji ni siri ya msomaji. Ni kama daktari na mgonjwa wake."

"Kaka," Muuguzi alisema, na sasa hakuwa analia tena, jambo lililotisha zaidi, "katika chumba hiki mwenye wagonjwa ni mimi. Fungua."

Akafungua.

Siku moja kabla ya kutoweka, Tanbihi alikuwa amefungua kitu kimoja tu. Alikifungua maktaba ilipofunguliwa, akakifunga maktaba ilipofungwa, na katikati alikirudia kama mtoto anayerudia kulamba sahani. Jina la kitu hicho lilikuwa *Hotuba za Mahafali*.

"Siyo baba huyu," Muuguzi alisema mara moja. "Baba na mahafali? Siku ya mahafali yangu alitoka mgeni rasmi alipofika 'mabibi na mabwana'. Nilimkuta nje amekaa na madereva."

Inspekta alimgeukia Mkutubi. "Neno lake la siri nani analijua?"

Mkutubi alikohoa. "Swali zuri lingekuwa nani halijui. Ameliandika kwenye kipande cha karatasi, amekibandika kwenye meza yake. Meza ya pili kutoka dirishani."

"Na meza ya kwanza ni ya nani?"

"Ya Mhadhiri. Yule anayesema birika halipo."

Mhadhiri aliletwa. Alikuwa nadhifu, tai imenyooka, marashi yake yalitangulia kuingia kisha yeye akafuata. Aliketi akiwa amekunja miguu. Inspekta alibaki amesimama.

"Juzi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, nasahihisha mitihani."

"Ulizungumza na Tanbihi?"

"Sisi hatuzungumzi. Tulikwisha fika hatua ya kuandikiana."

Inspekta aliweka mezani karatasi ya kampuni ya simu, akaigeuza imwelekee. "Simu ya mwisho aliyopiga kabla haijazimika. Namba hii ya nani?"

Mhadhiri aliitazama namba yake kama mtu anayekutana na mkwewe mahali pasipofaa. Miguu ikakunjuka yenyewe.

"Alinipigia," alisema. "Alikuwa anahema, anacheka. Alisema, 'Nimesimama juu yake. Nitakupigia picha, na ukiiona utaanza kuniamkia kila asubuhi mbele ya wanafunzi wako.'"

"Kisha?"

"Kisha... nilimkatia."

"Alisema yuko wapi?"

"Alianza kusema. Alisema 'niko hapa kwenye', ndipo nikabonyeza."

Muuguzi alisogea mpaka mbele ya kiti chake.

"Kwenye nini?" Muuguzi aliuliza.

"Sijui, dada yangu. Wallahi sijui."

"Mimi si dada yako. Kwenye nini?"

Mhadhiri aliinamisha kichwa. Inspekta alimuuliza habari ya akaunti, na bila kuinua kichwa alikiri kwamba muhula uliopita aliwahi kuingia kwa neno la siri la mzee, aone anachimba wapi. Wiki hii hakugusa. Inspekta alimwamini. Mwongo angetunga simu yenye kumpendeza zaidi yeye mwenyewe. Kwa hiyo njia ile iliishia hapo, kwenye ukuta, na nje ya dirisha mawingu yalikuwa yameanza kupangana kama wanafunzi kwenye foleni ya chakula.

Inspekta alirudi kwenye kompyuta. Ikiwa hakuna mwingine aliyeingia, basi ni Tanbihi mwenyewe aliyeshinda siku nzima na hotuba. Alikitazama tena kile alichofungua. Mbele ya jina palikuwa na namba.

"Hii namba maana yake nini?"

"Ni hotuba ya ngapi. Hiyo ni ya mia na arobaini na kitu."

"Chuo chenu kimefanya mahafali mangapi tangu kianze?"

"Hayajafika hata sitini," Mkutubi alijibu, kisha akasikia alichokisema. Rangi ilimtoka usoni polepole.

"Basi nani," Inspekta aliuliza kwa upole wa kutisha, "alihutubia hizo nyingine?"

Mkutubi alikunywa maji aliyokuwa amemshikia Muuguzi. Aliyamaliza.

"Masanduku," alisema. "Wakati wa mradi wa kuskani tulipewa masanduku ghorofa nzima, na muda mfupi. Mtu ulikuwa unafungua sanduku, unasoma karatasi ya juu, unaandika jina lake. Halafu jina lile unalishusha kwa karatasi zote zilizobaki humo ndani, unaongeza namba tu. Karatasi ya juu ikiwa hotuba, sanduku zima ni hotuba. Tulikubaliana tutarudi kusahihisha."

"Mkarudi?"

"Afande, wewe katika maisha yako umewahi kuona mtu akirudi kusahihisha?"

"Kwa hiyo kabla ya siku hiyo mzee alipekua hotuba mia, moja moja?"

"Yeye ndiye msomaji pekee ninayemjua wa kuweza kufanya hivyo," Mkutubi alisema, na sauti yake ilikuwa na heshima na majuto kwa kipimo kimoja.

Hotuba ya mia na arobaini na kitu ilifunguka. Ilikuwa ramani.

Ilichorwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu. Ilionyesha maghala, nyua, mitaro. Kwenye ukingo wa kulia kabisa ilikuwapo barabara kuu, na ramani ikaishia hapo. Kwenye kona ya chini palikuwa na maelezo ya alama. Duara lenye msalaba ndani yake: mlango wa birika.

"Nusu yake iko wapi?" Inspekta aliuliza. "Upande wa mashariki wa barabara haupo."

"Imekunjwa. Kioo cha skana yetu ni kidogo. Aliyeskani aliikunja katikati, nusu moja akaipeleka nyuma, akailaza, akapita."

"Nataka karatasi yenyewe."

Mkutubi alitazama sakafu. "Masanduku yaliwekwa chini, kwenye chumba cha boila. Mchwa walikuwa wasomaji hodari kuliko sisi. Hawakuacha hata jalada."

"Huo hapo!" Muuguzi alipiga kelele, kidole kimegonga kioo. Katikati ya nusu ile, magharibi ya barabara, palikuwa na duara lenye msalaba. "Mlango si huo? Twendeni, mnangoja nini?"

"Ngoja kidogo."

"Ningoje? Nimengoja tangu juzi!"

"Mama, ngoja. Tazama wino." Inspekta aliinama mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. "Kila kitu hapa ni cheusi. Duara hili ni la kijivu. Mkutubi, ikoleze picha. Koleza mpaka iungue."

Picha ilikolea. Nyuma ya maghala meusi yakatokea maghala mengine ya kijivu, yamelaliana na yale ya kwanza kama vivuli vya watu waliolala kitanda kimoja. Karibu na duara yakaibuka maneno, na maneno yalikuwa yameandikwa kinyumenyume.

"Ni ile nusu iliyokunjwa," Inspekta alisema. "Inaonekana kwa nyuma, kupitia karatasi. Igeuze."

Mkutubi alibonyeza. Picha ikapinduka, maneno yakanyooka yakasomeka *Ghala la Ngozi*, na duara lenye msalaba likaruka barabara likatua mashariki. Inspekta alichapisha nakala mbili, ya awali na iliyopinduliwa, akazitia mfukoni zote, kisha akawapigia zimamoto akasema kuna moto. Moto haukuwapo. Lakini ukiwaambia kuna historia, hawaji.

* * *

Ua wa Ghala la Ngozi ulikuwa pale pale ramani iliposema. Wazimamoto wanne walifyeka magugu wakisindikizwa na maswali yao wenyewe kuhusu moto uko wapi, na chini ya magugu wakakuta mfuniko wa chuma wenye msalaba. Kufuli lake lilikuwa limekuwa kitu kimoja na kutu. Mizizi ilikuwa imeshonana juu yake kama mkeka.

Sajini wa zimamoto aliupiga teke mfuniko. "Afande, huu haujaguswa na mtu tangu bibi yangu akiwa kigori."

"Uvunje."

"Nakwambia hakuna mtu aliyepita—"

"Vunja!" Muuguzi alisema.

Wakavunja. Chini palikuwa na nguzo za mawe na maji meusi yaliyotulia, mapana kuliko ukumbi wa mitihani. Mhadhiri, ambaye alikuwa amejipenyeza kwenye gari bila kualikwa, aliangaza tochi ndani na kuona kwa macho yake birika ambalo alikuwa ameandika makala mbili kuthibitisha kwamba halipo.

"Baba!" Muuguzi aliita. Nguzo zilimrudishia. "Baba! Baba!" Zikamrudishia tena, zote, hazikuacha hata moja.

Mlango ulikuwa sahihi. Mtu hakuwapo. Tone la kwanza la mvua lilidondoka kwenye mfuniko, likafuatwa na mengine, mazito. Muuguzi alikaa chini kwenye matope na sare yake nyeupe, mkoba wa dawa mapajani, akaanza kusema peke yake vile sukari inavyompanda mtu asiyepata dawa, kwanza kiu, halafu kutapika, halafu usingizi, kama anayemfundisha mtu. Simu ya Inspekta iliita. Alikuwa mkuu wake. Jua lilikuwa limegusa paa la kiwanda cha sabuni ng'ambo ya barabara.

Hakupokea. Alichuchumaa mbele ya Muuguzi.

"Nisikilize. Baba yako kompyuta anaijua kiasi gani?"

"Nini?"

"Kompyuta. Anaijua?"

"Ya kuwasha hunipigia simu. Kuzima huchomoa waya."

"Kukoleza picha? Kuipindua?"

Muuguzi alifuta pua kwa mkono wenye matope. "Afande, baba akikutana na picha iliyolala, hupindua shingo yake."

Inspekta alitoa mfukoni ile nakala ya awali, isiyopinduliwa, isiyokolezwa. Duara la kijivu lilikuwa bado magharibi, wazi, linashawishi. Maneno ya kinyumenyume hayakuonekana kabisa. Mtu yeyote mwenye tochi, mtaimbo na hamu ya kuamkiwa angeliamini.

"Sisi tumetafuta birika," alisema. "Hatukumtafuta mzee. Tumesahihisha kosa lake, halafu tumekuja kumngoja kwenye jibu letu. Yeye yuko kwenye lake."

Alipima kwa kidole kutoka barabara hadi duara, kisha akanyoosha mkono kuvuka barabara, umbali ule ule, mpaka mkono wake ukaelekea kwenye kiwanda cha sabuni.

Walikimbia. Magari yalipiga honi, Sajini alipoteza kofia, hakuna aliyeirudia. Mlango wa kiwanda ulikuwa umebanduliwa kwa mtaimbo, mbao zake bado mbichi zilipopasuka. Ndani mvua ilikuwa inaingia kwa paa lililotoboka na kukimbia sakafuni kuelekea sehemu moja, na sehemu hiyo ilikuwa shimo. Mfuniko wa chuma ulikuwa umesukumwa kando. Kwenye ukuta wa shimo palikuwa na ngazi ya chuma ya vipande vitatu. Vilivyofuata vilikuwa vimekatika. Kuta zilibaki laini, zimepakwa mafuta ya sabuni ya miaka yote hiyo, na mijusi wawili waliokuwa wanajaribu kupanda waliteleza, wakajaribu, wakateleza.

Maji ya mvua yaliingia humo kwa mlio wa ndoo inayojazwa.

Muuguzi alilala kifudifudi ukingoni. "Baba."

Maji tu.

"Baba, ni mimi."

Maji. Sajini alikuwa anafunga kamba kiunoni bila kungoja amri. Inspekta alimulika, mwanga ulifika kwenye matope, kwenye kiatu, kwenye mtu aliyeketi ameegemea ukuta na maji yakimfika kifuani. Kichwa kilikuwa kimeinama.

"Baba!" Sauti ilimpasuka.

Kichwa kiliinuka kidogo. Midomo ilijaribu mara mbili kabla ya kutoa kitu.

"Mlango," ilisema, kavu kama karatasi. "Nimeupata."

"Usiseme kitu, baba. Anashuka mtu. Usiseme kitu."

"Mwambie... yule bwana. Nimeupata."

Muuguzi alimtazama Inspekta, na Inspekta alimtazama Mhadhiri, na Mhadhiri akageukia ukutani. Kusema uongo mdogo kungekuwa rahisi. Lakini Muuguzi hakulelewa hivyo na mtu yule.

"Baba, birika lipo. Tumeliona. Lakini mlango wake uko ng'ambo ya barabara."

Sajini alikwisha fika chini. Muuguzi aliuma kiganja chake asipige kelele. Kisha Sajini akaita kutoka shimoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye katika kazi hii aliyaona mengi lakini hili hapana.

"Afande! Anakataa kufungwa kamba! Anasema kwanza aambiwe amekosea wapi!"

"Mfunge kwa nguvu!"

"Ameng'ang'ania bomba! Ana nguvu huyu, sijui anazitoa wapi!"

Inspekta aliikunja ile nakala ya awali, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni wa dawa, akaituma chini kwa kamba ya pili. "Sajini! Ishike mbele ya taa ya kofia yako—"

"Kofia iko barabarani!"

"Tochi basi! Shika ukingo wenye barabara. Mwonyeshe duara. Halafu, bila kuuachia ukingo, igeuze kama ukurasa wa kitabu, mwanga uwe nyuma yake."

Juu hawakuona kitu isipokuwa kipande cha karatasi kinachong'aa gizani, cheupe kwa tochi na kilichojaa matone ya maji. Kilionyeshwa. Kikageuzwa polepole, kama ukurasa. Kikabaki hapo.

Mvua ilipiga paa. Maji yalipanda.

"Tena," sauti ya mzee ilisema.

Kikageuzwa tena.

"Kumbe," ilisema, na baada ya muda mrefu kuliko ambao Muuguzi angeweza kuustahimili, ikaongeza, "Haya. Nivuteni."